Mwalimu wa majani wa Tlatelolco

Sisi makatekista huulizwa mara kwa mara swali hili: «Je, mkristu anakosa akitumia dawa za majani?» Wengine huuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba wako katika kitubio. Sisi huwajibu kwamba jani ni kiumbe cha Mungu. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, chatufundisha kwamba dawa hutoka ardhini kwa mapenzi ya Mungu, nasi tusizibeze. Kinachokatazwa ni kupiga ramli, kutaja wachawi na kuwatisha watu kwa hirizi. Wakisikia hivyo wanafurahi. Lakini mara wanaleta swali la pili, nalo ni gumu zaidi: «Basi, tujifunze kwa nani? Wanaojua wanaficha, na wasiojua ndio wanaotangaza.»

Swali hilo ni la haki. Katika vijiji vyetu vingi palikuwa na mzee aliyejua jani la kukausha kidonda au mzizi wa kutuliza tumbo la mtoto. Alipozikwa, ujuzi wake ulizikwa pamoja naye, kwa kuwa hakumfundisha mtu. Hatuwezi kumlaumu yeye peke yake. Pengine hakuna kijana aliyemwomba. Pengine sisi wenyewe tuliosoma tulimwona kuwa mtu wa giza.

Kwa sababu hiyo twapenda kuwasimulia habari za shule moja ya kale. Haikuwa ya Afrika, wala haikuwa ya Ulaya. Ilikuwa Meksiko, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Huko, karibu miaka 500 iliyopita, wamisionari walimpa mganga mwenyeji nafasi ndani ya shule yao, pamoja na walimu wa Kilatini. Tutazame jinsi jambo hilo lilivyoanza, lilivyozaa matunda, na lilivyoharibika.

Soko na mtaa wa dawa

Mwaka 1519 Wahispania walifika katika nchi ya Waazteki, wakiongozwa na Hernán Cortés. Mji mkuu, Tenochtitlan, ulikuwa umejengwa katikati ya ziwa. Kando yake, katika ziwa lile lile, palikuwa na mji wa Tlatelolco wenye soko kubwa. Cortés alimwandikia mfalme wake mwaka 1520 kwamba watu 60,000 walikusanyika hapo kuuza na kununua. Akaeleza pia kwamba palikuwa na mtaa mzima wa wauzaji wa mizizi na majani ya dawa, na nyumba zilizouza dawa zilizokwisha kutengenezwa: za kunywa, za kupaka na za kubandika.

Kumbe watu hao walikuwa na elimu yao ya dawa kabla mzungu hajafika. Mganga waliyemwita kwa lugha yao ya Kinahuatl ni «ticitl». Wanaume na wanawake walifanya kazi hiyo, na ujuzi ulipita kutoka kwa wakubwa kwenda kwa wadogo nyumbani. Wafalme wao walikuwa na bustani kubwa huko Huaxtepec, ambamo miti na maua ya nchi za joto yalipandwa na kutunzwa.

Kisha vita vilikuja, na pamoja na vita ugonjwa wa ndui, ambao wenyeji hawakuwa wameuona tangu kuzaliwa kwao. Mwaka 1520 ndui iliua watu wengi mno, hata mfalme Cuitláhuac. Wenyeji walipigana mpaka mwisho huko huko Tlatelolco, na tarehe 13 Agosti 1521 mji ulianguka. Wale waliobaki hai walikaa katikati ya magofu, na mengi waliyoyajua yalikuwa karibu kupotea.

Shule ya Msalaba Mtakatifu

Mwaka 1523 walifika wamisionari watatu Wafransisko kutoka Flandria, ambayo leo ni sehemu ya Ubelgiji. Mmoja wao ni Bruda Petro wa Gent. Hakutaka kuwa padri; alibaki bruda maisha yake yote, akajifunza Kinahuatl, akawafundisha watoto kusoma, kuimba na kufanya kazi za mikono mpaka alipokufa mwaka 1572. Mwaka 1524 walifika Wafransisko wengine 12, waliotembea kwa miguu bila viatu kutoka pwani mpaka Meksiko.

Baada ya miaka michache wamisionari hao waliona kwamba watoto wa wenyeji wana akili ya kusoma masomo makubwa. Basi tarehe 6 Januari 1536, katika sikukuu ya Epifania, walifungua Shule ya Msalaba Mtakatifu huko Tlatelolco. Askofu Juan de Zumárraga alikuwapo, na mkuu wa serikali, Antonio de Mendoza, pia alikuwapo. Watu walikwenda kwa maandamano kutoka kanisa la Wafransisko la Meksiko mpaka Tlatelolco. Wanafunzi wa kwanza walikuwa kama 60, wana wa wakubwa wa nchi. Waliishi pamoja, walikula pamoja, walivaa kanzu moja, wakasali saa za sala pamoja. Walifundishwa kusoma na kuandika, Kilatini, ufasaha wa kusema, filosofia na muziki. Na katika masomo yao liliwekwa pia somo la dawa za wenyeji.

Wazungu wengi hawakupenda jambo hili. Mwaka 1541 mmoja wao, Jerónimo López, alimwandikia Kaisari akilalamika kwamba kuwafundisha wenyeji Kilatini ni hatari. Wafransisko wa wakati ule wanasimulia kisa cha padri mmoja mgeni aliyetaka kumjaribu mwanafunzi wa Tlatelolco. Alimwamuru aseme Kredo. Kijana alipofika penye «natus ex Maria Virgine», padri alimkatiza, akasema neno si «natus», ni «nato». Kijana akamwuliza kwa adabu, kwa Kilatini, hiyo «nato» iko katika kasus gani. Padri akakosa jibu, kwa kuwa yeye mwenyewe hakujua Kilatini. Sisi tuliotoka jasho seminarini kwa ajili ya kasus za Kilatini, twacheka tukisoma kisa hicho. Lakini tusicheke tu. Tuone pia jinsi ilivyo vigumu kwa mwenye kiburi kukubali kwamba mdogo wake amejua.

Martín de la Cruz na Juan Badiano

Sasa tumfikie mwalimu wetu. Aliitwa Martín de la Cruz, maana yake Martín wa Msalaba. Alikuwa mwenyeji, naye alikuwa mganga wa shule ya Tlatelolco. Hakusoma katika chuo kikuu chochote. Katika kitabu tutakachokieleza imeandikwa wazi kwamba hakufundishwa na vitabu vya wenye elimu, bali na kazi yenyewe. Tuangalie vizuri: maneno hayo hayakuandikwa kwa kumdharau. Shule yenye walimu kutoka vyuo vikuu vya Ulaya ilimpokea mtu wa namna hiyo, ikamtambulisha kwa mfalme kwa jina lake na kwa kazi yake.

Mwenzake aliitwa Juan Badiano, mwenyeji wa Xochimilco. Yeye alijua Kilatini vizuri, hata akakifundisha katika shule ile ile. Mwaka 1552 Francisco de Mendoza, mwana wa mkuu wa serikali, aliomba kitabu cha dawa za nchi ili apelekewe mfalme wa Hispania. Martín akatoa ujuzi wake. Padri Jacobo de Grado, mkubwa wa nyumba ya Tlatelolco, akamwagiza Badiano auweke katika Kilatini. Kazi ilimalizika tarehe 22 Julai 1552, siku ya Mtakatifu Maria Magdalena. Mmoja alijua miti, mwingine alijua lugha. Wote wawili walikuwa wenyeji na wakristu.

Kitabu hicho kina sura 13. Kinaanza kichwani mwa mtu na kushuka: macho, masikio, pua, meno, koo, kifua, tumbo, mpaka miguu. Baadaye chasema habari za homa, za wanawake wanaozaa, za watoto wachanga, na mwishoni dalili za mtu anayekaribia kufa. Hata wale wanaochoka kwa kazi ya kutawala watu wamewekewa dawa yao! Ndani yake mna picha zaidi ya 180 za mimea, zilizopakwa rangi, kila moja na jina lake la Kinahuatl. Mchoraji hakuchora majani na maua tu. Alichora na mizizi, na penye mizizi ya baadhi ya mimea aliweka alama ya jiwe au ya maji, au hata siafu, ili msomaji ajue mmea huo unaota mahali pa namna gani. Anayefundisha hivyo anataka kweli mwanafunzi wake aweze kwenda porini peke yake asikosee.

Kukosea ni jambo la hatari. Mmoja wa mimea iliyochorwa ni wa jamii ya Datura, ambayo Martín aliitumia kwa kupaka penye maumivu. Mmea huo ukinywewa pasipo kipimo, humtia mtu wazimu na huweza kumwua. Mwingine unaitwa «cihuapatli», maana yake dawa ya wanawake. Ulitumiwa kumsaidia mama mwenye uchungu wa kuzaa, na wataalamu wa siku hizi wamepima na kuona kwamba kweli una nguvu ya kukaza tumbo la uzazi. Lakini dawa yenye nguvu ya kusaidia ina nguvu ya kudhuru pia. Kujua jina la jani si kujua dawa. Lazima kujua sehemu gani ya mti, kiasi gani, kwa mgonjwa yupi, na wakati gani wa kuacha. Mambo hayo mwanafunzi huyapata kwa mwalimu anayemshika mkono.

Tuseme pia ukweli wote. Si kila neno la kitabu hicho ni dawa. Mna mawe yanayotoka matumboni mwa ndege, na maua ya kuvaa shingoni ili msafiri afike salama. Hayo tusiyafuate. Lakini vitabu vya Ulaya vya wakati ule navyo vilijaa mambo ya namna hiyo. Mwalimu anayeweka ujuzi wake wazi mbele ya wote huwapa wanaomfuata nafasi ya kuchekecha, kama mama anavyochekecha unga. Unga uliofichwa ghalani hauchekechwi na mtu.

Wazee wanane

Katika shule hiyo alifundisha pia Padri Bernardino de Sahagún, aliyefika Meksiko mwaka 1529 na kufa mwaka 1590. Kwa miaka mingi aliwakusanya wazee na kuwauliza habari za nchi yao, na vijana waliosoma Tlatelolco waliandika majibu kwa Kinahuatl. Alipofika kwenye dawa, hakuuliza kila mtu. Alitafuta waganga wa Tlatelolco, wazee, wenye kuijua kazi hiyo siku nyingi, na waliokuwa wakitibu hadharani. Neno hilo «hadharani» tulishike vizuri. Mwishoni mwa habari za majani aliyataja majina ya wanane kati yao pamoja na mitaa yao: Gaspar Matías wa mtaa wa Concepción, Pedro de Santiago wa mtaa wa Santa Inés, na wenzao. Kwa kuwa wazee hao hawakujua kuandika, walimwomba mwandishi awaandikie majina yao.

Katika kazi ile ile imeelezwa tofauti ya mganga mwema na mganga mbaya, kama wenyeji wenyewe walivyoijua. Mganga mwema anajua majani, miti na mizizi kwa kuijaribu, anaunga mifupa, ana kiasi katika kutoa dawa. Mganga mbaya anazidisha ugonjwa, anaua kwa dawa zake, anapiga ramli na kuwapumbaza watu. Twaona basi kwamba kutenganisha dawa na uchawi hakukuletwa na mgeni tu. Wazee wenyewe walijua nani ni tabibu na nani ni mdanganyifu.

Jinsi shule ilivyoanguka

Mwaka 1545 tauni kubwa iliingia nchini. Padri Sahagún aliandika kwamba aliwazika watu zaidi ya 10,000 huko Tlatelolco, na yeye mwenyewe mwishoni aliugua akawa karibu na kufa. Mwaka uliofuata, 1546, Wafransisko waliwaachia wanafunzi wao wa zamani kazi ya kuiongoza shule. Palikuwa na uhaba wa fedha, na nyumba zikaharibika. Ndiyo maana kitabu cha mwaka 1552 kilikuwa pia ombi: katika maneno yake ya kwanza Martín anamwomba Francisco de Mendoza awakumbuke wenyeji mbele ya mfalme.

Jeraha jingine lilitoka ndani ya Eklezia yenyewe. Wakati shule ilipofunguliwa, wengi walitumaini kwamba itatoa mapadri. Lakini mwaka 1555 mtaguso wa maaskofu wa Meksiko ulikataza wenyeji wasipewe Daraja Takatifu. Vijana waliojua Kilatini kuliko padri mgeni waliambiwa kwamba altare si mahali pao. Sisi wa Kongo, tunaomheshimu Padri Stefano Kaoze aliyepewa upadri mwaka 1917, twaelewa vizuri Meksiko ilipoteza nini. Walimwamini mwenyeji awatibu mwili, hawakumwamini awatibu roho. Twasema hivyo bila chuki, kwa maana ndiyo historia yetu sote tulio wana wa Eklezia.

Mwaka 1570 mfalme Filipo wa Pili alimtuma tabibu wake, Francisco Hernández, achunguze dawa za Meksiko. Mpaka mwaka 1577 alizunguka nchi, akaeleza mimea zaidi ya 3,000. Ilikuwa kazi kubwa mno. Hata hivyo alilalamika kwamba baadhi ya wenyeji walimdanganya. Hatushangai. Yeye alikuja kwa amri ya mfalme, kuchukua na kuondoka; Martín na wazee wanane walisema na watu walioishi nao na kuzika maiti pamoja nao. Maandiko makubwa ya Hernández yaliwekwa Escorial, nyumba ya mfalme, na mengi yaliteketea kwa moto mwaka 1671.

Mwaka 1576 tauni nyingine ilikuja. Karibu wanafunzi wote wa Tlatelolco walikufa au wakaondoka. Shule haikupata tena nguvu yake ya kwanza, na baadaye ilibaki shule ya watoto kujifunza kusoma na kuandika tu.

Safari ya kitabu

Kitabu cha Martín na Badiano kilikwenda Hispania, na kutoka huko kikafika mikononi mwa Kardinali Francesco Barberini, aliyekwenda Hispania mwaka 1626 kama mjumbe wa Papa. Kilikaa katika maktaba ya jamaa ya Barberini, Roma. Mwaka 1902 maktaba hiyo iliingizwa katika maktaba ya Vatikano, na mwaka 1929 mtaalamu wa Marekani, Charles Upson Clark, alikiona na kutambua thamani yake. Mwaka 1990 Papa Yohane Paulo II alikirudisha kwa watu wa Meksiko. Mpaka leo kinatunzwa katika mji wa Meksiko, karibu na mahali kilipoandikwa. Soko limekwisha, shule imekwisha, walimu wamekuwa mavumbi. Lakini mtu anayetaka kujua Martín alimtibuje mtoto wa jicho bovu, aweza kusoma leo.

Tujifunze nini?

Kwanza, mwalimu wa kweli wa dawa hufanya kazi yake mwangani. Jina lake lajulikana, mtaa wake wajulikana, na wagonjwa wake waweza kuulizwa. Anayetaka kufundisha usiku, kwa viapo na vitisho, au anayesema kwamba dawa yake itakufa mwanafunzi akimwambia mwingine, huyo tumwogope.

Pili, mwanafunzi hapaswi kuona haya kwa sababu mwalimu wake hajui kusoma. Wazee wanane hawakujua kuandika jina lao, lakini padri aliyesoma Salamanca alikaa mbele yao kama mtoto wa shule. Vijana wetu wenye diploma wanaweza kufanya vile vile. Wachukue daftari, waandike jina la mti kwa lugha ya nyumbani, mahali unapoota, sehemu inayotumika, kipimo, na hatari yake. Kisha wapeleke habari hizo kwa daktari na kwa wenye kuchunguza mimea, wapime. Jani halishindani na hospitali. Mama anayetokwa na damu na mtoto anayetetemeka kwa homa wapelekwe kwa daktari bila kukawia.

Tatu, twaomba wazee wetu. Baba zetu na mama zetu mnaojua, msituachie kaburi tupu. Mchague mtoto mwenye moyo mwema, mmpeleke porini mchana, mmwonyeshe. Kama mwaogopa kwamba padri au katekista atawacheka, njoni kwetu. Ikiwa tuliwahi kuwacheka, mtusamehe. Yezu alipowatuma mitume wake aliwaambia watoe bure kile walichopokea bure. Jani nalo mlilipokea bure, kwa Mungu aliyeliotesha na kwa mzee aliyewaonyesha.

Martín de la Cruz hakujua kwamba kitabu chake kitasomwa baada ya miaka 400 na zaidi. Alijua tu kwamba watu wake wanakufa, na kwamba mbele yake wamekaa vijana wenye masikio. Akawafundisha.